Kuziba tundu dogo la kutu kwenye bodi ya gari

Tundu la kutu huanzia ndani. Rangi ikianza kufura vilengelenge juu ya tairi la nyuma, bati limekuwa likiliwa kwa upande wa pili muda mrefu, na hicho unachokiona ni mlango wa kutokea tu. Ndiyo maana tundu lililozibwa kwa puti tupu (ule mchanganyiko mzito wa kujazia mabonde ya bodi) hurudi mvua za msimu unaofuata: puti ya kawaida hunyonya unyevu kama sifongo, maji ya nyuma hayajazuiwa, na kutu inaendelea kula bati chini ya rangi mpya inayong'aa.

Maelezo haya yanahusu matundu yasiyozidi sentimita 4 au 5 kwenye bati la nje: madigadi, chini ya milango, mlango wa buti, boneti. Kutu iliyotoboa sili (mihimili ya bati inayopita chini ya milango), chesisi, sehemu zinaposhikwa shokomzoba na springi, au mahali mkanda wa usalama ulipofungiwa, ni habari nyingine. Hapo bati ndilo linalobeba gari na watu, na dawa yake ni kukata na kuchomelea bati jipya lenye unene uleule. Faiba, gundi na puti havina kazi pale.

Magari ya pwani huathirika zaidi kwa sababu chumvi ya hewa ya bahari huufanya unyevu upitishe umeme vizuri, na kutu ni kazi ya umeme mdogo kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Gari lililotumika kaskazini ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, linaweza kufika Mombasa au Dar es Salaam likiwa na kutu tayari ndani ya maungio hata kama nje ni safi. Chukua sumaku ndogo uipitishe polepole juu ya ukingo wa matairi ya nyuma na chini ya milango. Ikishika vizuri halafu ghafla ikateleza, hapo kuna puti nene, na mara nyingi nyuma ya puti hiyo kuna gazeti lililosokotwa na kusukumizwa ndani ya tundu. Gazeti hilo hukaa na maji wiki nzima.

Kupima ukubwa wa kweli

Pandisha gari, liegemee kwenye stendi na si jeki peke yake, toa tairi na plastiki ya ndani ya madigadi. Osha tope lote. Kwenye madigadi ya nyuma bati la nje na la ndani hukutana ukingoni na kuunganishwa kwa spoti (nukta za welding), na juu kidogo ya maungio hayo tope hujikusanya kama kwenye kibaraza. Likishalowa halikauki upesi. Kwangua mpaka uone chuma.

Sasa chukua bisibisi bapa ulisukume bati kuzunguka tundu kwa nguvu ya mkono. Likibonyea au kutoa sauti ya kukatika kama ganda kavu, hilo nalo limekwisha. Endelea mpaka ufike kwenye bati gumu. Tundu la sentimita 1 kwa kawaida huishia sentimita 3. Usisikitike, ni afadhali ulijue leo kuliko baada ya kupiga rangi. Ikiwa kutu imekula mabati yote mawili pale ukingoni, acha habari ya gundi, peleka kwa mchomeleaji.

Kabla ya cheche

Tenganisha betri, uanze na waya wa hasi. Toa kapeti, mpira na sponji vilivyo nyuma ya bati unalofanyia kazi. Kisha angalia upande wa mdomo wa tangi: bomba la mafuta na mpira wake wa kupumulia hupita nyuma kabisa ya madigadi hiyo. Upande huo usitumie grenda wala moto mpaka bomba na tangi vishushwe. Kama huwezi kuvishusha, fanya kazi kwa mkono: mkasi wa bati, tupa na msasa. Upande mwingine nao weka karibu kizimamoto na ndoo ya maji.

Vaa miwani na barakoa ya vumbi iliyobana vizuri usoni. Vumbi la puti ni jepesi na hubaki hewani muda mrefu.

Kukata na kufikia chuma safi

Toa rangi kwa msasa namba 80 mpaka sentimita 8 hadi 10 kuzunguka tundu. Hapa wengi huharibu kwa brashi ya waya inayozunguka. Brashi hiyo huing'arisha kutu ikapendeza kama chuma, lakini ndani ya vishimo vidogo weusi unabaki. Ukiona nukta nyeusi kwenye bati linalong'aa, bado hujamaliza. Zifuate kwa ncha ya bisibisi au msasa uliokunjwa, au zipigwe mchanga kwa kompresa kama gereji inayo kifaa hicho.

Kata bati bovu lote mpaka ufike mahali lenye unene wake, na pembe za tundu uziache za mviringo. Pembe kali ndiyo mahali ufa huanzia.

Kwa kutu iliyobaki kwenye vishimo tumia dawa yenye asidi ya fosforiki. Ipake kwa brashi ndogo, iache ikiwa imelowa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, usiiache ikauke juu ya bati, kisha ioshe kwa maji mengi na ukaushe mara moja kwa kitambaa na hewa ya kompresa. Mabaki ya asidi chini ya praima ya epoksi (rangi ya kwanza, ya kukinga chuma) huifanya ibanduke, kwa hiyo kuosha ni nusu ya kazi. Ndimu na siki hufanya kazi kwa nati na vipande vinavyoweza kulowekwa usiku kucha. Kwenye bati lililosimama hukauka kabla ya kufanya lolote na kuacha unata.

Bati lililo wazi karibu na bahari huanza kupata wekundu ndani ya saa chache, na alama ya kidole chenye jasho huonekana kesho yake kama mhuri. Panga kazi yako ili chuma kilichosafishwa asubuhi kipate praima kabla ya jioni.

Kiraka

Bati la nje la gari dogo lina unene wa kati ya milimita 0.7 na 0.9 hivi. Nunua bati jeusi la geji 20 au 22. Bati la kuezekea nyumba, geji 28 au 30, ni jembamba mno: halishiki umbo na moto hulitoboa. Zinki yake nayo ikichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku huohuo.

Njia ya kwanza, na bora, ni kuchomelea kwa mashine ya CO2 yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8. Kata kiraka kiingie ndani ya tundu kikiwa na nafasi ya milimita 1 pande zote. Piga spoti moja juu, moja chini, moja kushoto, moja kulia, halafu jaza katikati ukiruka upande hadi upande, kila spoti ikipoa hadi uweze kuigusa kabla ya kupiga jirani yake. Ukivuta mstari mmoja mrefu, bati litajikunja kama papa aliyekauka juani na utalifunika kwa puti ya unene wa kidole. Welding ya kawaida ya fimbo za milimita 2.5 hutoboa bati hili, na gesi hulipasha eneo kubwa. Fundi hodari wa gesi anaweza, lakini huwezi kujifunzia kwenye gari lako.

Njia ya pili ni gundi ya epoksi ya kubandikia mabati, ile ya mirija miwili. Kiraka kikate kikubwa kuliko tundu kwa sentimita 2 hadi 2.5 kila upande na ukibandike kutoka nyuma kama mkono unafika. Piga msasa namba 80 pande zote mbili zitakazogusana, futa kwa thina safi, paka gundi pande zote mbili, bana kwa koleo za kujifunga au ribiti. Usibane mpaka gundi yote itoke; ibaki kama milimita 1 katikati. Iache saa 24. Faida ya njia hii ni kwamba hakuna joto, kwa hiyo bati halipindi na rangi ya upande wa nyuma haiungui. Mahali kiraka hakifiki kutoka nyuma, gonga ukingo wa tundu taratibu kwa nyundo uingie ndani milimita 2, ukibandike kwa nje, uso wake ukae chini ya usawa wa bati.

Njia ya tatu ni mkeka wa faiba na rezini. Inafaa kwa tundu dogo kabisa, chini ya sentimita 2, lisilopata mtikisiko. Tabaka mbili au tatu, la kwanza kubwa kuliko la pili, ukibonyeza kwa brashi mpaka weupe wa nyuzi upotee. Weupe ni hewa, na hewa ni maji ya kesho. Rezini ya poliesta haishiki chuma vizuri kama epoksi inavyoshika, kwa hiyo ukipata rezini ya epoksi chagua hiyo. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini kwa kazi ndogo unahitaji gramu 100 tu.

Ukipima kwa ukali, gundi yenye kiraka cha chuma inatosha kwa madigadi na milango, na mtu asiye fundi ataifanya vizuri zaidi kuliko welding ya kubahatisha.

Praima kwanza, puti baadaye

Safisha kwa thina au dawa ya kuondoa mafuta, kitambaa kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kufuta kabla haijakauka. Petroli na mafuta ya taa huacha utando, usivitumie. Kisha paka praima ya epoksi ya mikebe miwili, mbele na nyuma ya kiraka, makoti mawili, ukifuata kipimo cha kuchanganya kilichoandikwa kwenye mkebe wake. Vipimo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na hadina (dawa ya kugandisha) ya mkebe mmoja haifai kwenye mwingine. Praima ya kopo la kupulizia, ile ya kawaida, hupitisha unyevu. Ni nzuri kwa kushikisha rangi, si kwa kuzuia kutu.

Epoksi ikikaa usiku kucha, iguse kwa msasa namba 180 bila kufika chuma. Puti ikikaa juu ya epoksi, hata ikinyonya unyevu haigusi bati. Mafundi wengi wa mtaani huanza na puti juu ya chuma kwa sababu inaokoa siku moja, na inashika vizuri tu, mpaka siku rangi ipate mkwaruzo.

Puti

Kipimo cha kawaida ni hadina asilimia 2 kwa uzito: gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Donge la ukubwa wa ndimu ni kama gramu 60, kwa hiyo hadina yake ni zaidi kidogo ya gramu 1. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu itakusaidia mara chache za mwanzo. Baadaye jicho litazoea rangi. Hadina ikizidi asilimia 3, puti huganda mkononi, na mabaki yake hupanda hadi kwenye rangi na kuacha doa la njano au waridi, hasa juu ya nyeupe na fedha. Ikipungua chini ya asilimia 1, puti inabaki laini kwa ndani na msasa unaziba. Watu hupunguza hadina kwa sababu ya joto. Badala ya hivyo, changanya kidogo kidogo na ufanye kazi kivulini: kwenye nyuzi 30 una dakika 3 au 4 tu, na bati lililokaa juani huzifanya 2.

Changanyia juu ya kipande cha kioo au plastiki ngumu. Boksi la karatasi hunyonya kimiminika cha puti na kuipa nyuzi zake. Usiikoroge kama uji; ikunje na kuibana kwa kikwangulio, ukunje tena, mpaka rangi iwe moja bila mistari. Kukoroga huingiza hewa, na hewa hiyo ndiyo vitundu vidogo kama vya sindano utakavyoviona baada ya kupiga rangi.

Koti la kwanza lipake jembamba ukilibana kwa nguvu liingie kwenye mikwaruzo ya msasa. La pili ndilo la kujaza umbo. Unene wote usizidi milimita 3. Ukihitaji zaidi, rudi kwenye bati uligonge, kwa sababu puti nene hupasuka joto linapopanda na kushuka. Ikianza kuvutika kama jeli, acha kuigusa, utaitoa mabonge.

Ikifika ugumu wa sabuni ya mche, chonga vilima kwa tupa ya puti. Baada ya dakika 20 hadi 30 piga msasa namba 80 uliofungwa kwenye kibao, ukienda mshazari kulia kisha mshazari kushoto. Ukitumia vidole vitachimba mifereji usiyoiona mpaka rangi inayong'aa iwekwe. Pulizia vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya puti kabla ya msasa namba 180: mahali weusi unabaki ni bonde, mahali unaisha haraka ni kilima. Funga macho upitishe kiganja kilichovaa soksi nyembamba, kitahisi kisichoonekana. Malizia na namba 240. Yote haya kwa ukavu. Msasa wa maji juu ya puti ni kuinywesha.

Rangi

Praima ya kujaza, makoti mawili au matatu, dakika 10 kati ya koti na koti. Ikikauka, msasa wa maji namba 600 (800 kwa rangi za fedha na lulu). Namba ya rangi ipo kwenye kibati cha gari, kwa Toyota za Japani mara nyingi ndani ya boneti, kwenye mstari ulioandikwa COLOR: 040 ni nyeupe, 1F7 ni fedha. Hata hivyo jaribu kwanza kwenye kipande cha bati, kwani jua limeshaibadilisha ya gari. Nyeupe ya kawaida ndiyo inayosamehe. Fedha na lulu zitaonyesha duara la kiraka usipozififisha hadi kwenye maungio ya bodi yaliyo karibu.

Usipige rangi wakati wa mvua au alfajiri yenye umande. Unyevu hunaswa kwenye rangi inayokauka na kuifanya iwe na ukungu mweupe. Saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, kivulini, ndio muda mzuri. Klea (rangi angavu ya juu kabisa) yenye hadina hutoa mvuke unaodhuru mapafu kabisa na barakoa ya vumbi haiuzuii. Kama huna kofia ya kupumulia hewa ya nje, kazi hiyo mpe fundi mwenye chumba cha rangi.

Upande wa nyuma

Hapa ndipo utakapojua kama kazi itakaa miaka au miezi. Ziba maungio yote ya kiraka kwa sila ya bodi (dawa ya kuzibia maungio) inayopakwa kwa brashi, juu ya epoksi iliyokauka. Baada ya rangi yote kukauka, kamwe si kabla, pulizia nta ya ndani ya bodi kwa mrija mrefu unaopita kwenye matundu ya kiwandani, mpaka uione ikichuruzika chini. Nta ikitangulia, chembe yake moja kwenye uso wa gari itaifanya rangi ikimbie na kuacha vijicho vya samaki.

Oili chafu ya injini hutumiwa sana badala ya nta kwa kuwa haina gharama. Huzuia kutu kidogo, lakini huozesha mpira wa milango, huchuruzika kwenye breki, na siku bati hilo likitaka rangi tena hakuna rangi itakayolishika.

Mwisho, angalia matundu ya kutolea maji chini ya mlango na chini ya sili. Ni madogo, ya urefu wa ukucha hivi, na nta ikipoa huyaziba vizuri sana. Kesho yake asubuhi pitisha waya laini katika kila moja, mwaga kikombe cha maji kupitia mpira wa kioo, na uhakikishe yanatoka chini.